Shemeji Anarefusha Mashine

Banda langu la kuku lilikuwa na nguzo ya Kirumi. Sikuijenga, sikuiagiza, na sikuwa na haja nayo. Iliingia kupitia tundu lililotobolewa ukutani, ikiwa imelala, imebanwa ncha kwa ncha na vyuma, na kila ilipozungushwa majogoo walilalamika kwa sauti ambayo mimi, kwa kuwa nimeoa kwa watu, sina ruhusa ya kuitoa.

Mwenye nguzo ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Ni seremala, tena si wa kubahatisha. Vitanda vyake vinalaliwa kuanzia Soni mpaka Mlalo na sijasikia hata kimoja kilichomwangusha mtu. Kasoro yake ni kwamba hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kiendelee kufanya kazi. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nimezoea joto na ardhi iliyotulia. Nilipostaafu nikamfuata mke kwao Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa saba mtu anavaa koti kwenda kuoga. Nilikuja na manung'uniko yangu mwenyewe ya kunitosha uzeeni. Sikuhitaji kuletewa mengine yenye mota.

Mashine aliiacha mzungu mmoja aliyekuwa akijiliwaza kwa useremala. Alipofungasha kurudi kwao Marekani akaona ni nzito, akamwachia shemeji, nadhani kwa wema. Kuna vyuma viwili vilivyolala sambamba, ndicho kitanda chake. Upande mmoja ni kichwa, upande wa pili mkia, na kipande cha mti kinabanwa katikati. Mpaka hapo ni kerezo. Lakini kwenye kerezo mti ndio unaokwenda mbio, fundi akisogeza patasi. Hapa ni kinyume: mti unageuka polepole kwa hendeli ya mkono, na kinachokwenda mbio ni ruta iliyopandishwa kigari juu yake, kisu chake kikizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kigari kinasukumwa na skrubu ndefu, na skrubu imefungamanishwa kwa gia na kile kichwa. Zungusha hendeli: mti unageuka, ruta inatembea, vyote kwa kipimo kimoja, na mfereji unajichora juu ya mti ukipanda kwa msokoto. Badilisha gia, msokoto unalegea au unakaza. Geuza mti nusu duara, pitisha mfereji wa pili. Mguu wa meza unatoka umesukwa kama nywele za bibi harusi. Ni kazi nzuri, sikatai. Nisingekuwa nalalamika kama ingebaki kuwa miguu ya meza.

Asili ya vyombo hivi ni watu wenye pesa wasiojua wafanye nini mchana. Peter Mkuu wa Urusi alikuwa na makerezo yake binafsi, akikereza pembe za ndovu baada ya kuchoka kutawala. Kule London, tangu mwisho wa karne ya 18, ukoo wa Holtzapffel uliwauzia mabwana wa Kiingereza makerezo ya nakshi kwa bei ambayo seremala wa kawaida asingethubutu hata kuiuliza. Na mabwana hao walitengeneza nini? Visanduku, vinara vya mishumaa, kete za sataranji. Vitu vya kukaa mkononi. Hakuna bwana aliyeamka asubuhi akatamani kukereza nguzo ya baraza. Mashine ya shemeji ni kitukuu wa vyombo hivyo, na ilirithi tabia ya ukoo: ukiipa mti wa mita moja na robo imeshiba, na unene ukizidi wa paja la mtu mwembamba, kisu kinagonga kabla hujaanza.

Kisha akaja tajiri.

Amefanikiwa Dar es Salaam na sasa anawajengea wazazi wake, upande wa kwenda Irente, nyumba ya ghorofa ambayo wazee hawakuiomba. Alitoa simu akatuonyesha picha ya nguzo zilizosokotwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani. Anataka nne za namna ile barazani, lakini za mbao, kila moja mita tatu na sentimita ishirini, unene sentimita 25. Na kitu kizima. Hilo alilisema akinyoosha kidole: asione kiungo.

Nilimpa shemeji ushauri wa busara kabisa, bure. Nilimwambia aunge. Nguzo ya msokoto imejaa mabonde. Kata vipande vitatu ambavyo vyote kwa urefu vinaenea mashineni, chonga ulimi na tundu, tia gundi, kiungo kifiche kwenye bonde au chini ya pete. Hata hizo za Vatikani, alizozisimamisha Gian Lorenzo Bernini karne ya 17, mita 20 hivi kwenda juu, ni shaba iliyosubiwa vipande vipande ikaunganishwa. Papa alikubali kiungo. Huyu wa Irente ni nani akikatae?

Tena nikamkumbusha kwamba kwetu pwani wazee hawakubishana na mti. Majumba ya mawe ya Unguja na Lamu yaliwekwa dari za boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko ulionyooka haukupi zaidi ya mita tatu hivi, basi vyumba vyao vilikuwa na upana wa mita tatu hivi. Aliyetaka nafasi zaidi alirefusha chumba upande wa pili, kikawa kirefu chembamba, akatia vidaka ukutani, akaishi humo na wajukuu wakaishi humo. Mti ndio uliochora ramani. Leo ramani inachorwa kwenye simu, kisha unatafutwa mti wa kuitii. Mti ukikataa, inarefushwa mashine. Mashine isipoenea, unatobolewa ukuta wa stoo ya mtu mwingine ambaye hata baraza hilo hatakaribishwa kukaa.

Shemeji alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Ni kweli kabisa, shemeji." Kesho yake akaja na grainda.

Kwanza palihitajika mahali. Mgeni anayekuja kupiga picha milima hii hajui kwamba Usambara hakuna mita tano za tambarare zilizokaa bure. Kila kiwanja unachokiona kimechimbwa kutoka ubavuni mwa mlima, udongo ukamwagwa mbele, na ukuta wa nyuma wa nyumba unaishi kwa hofu. Stoo yangu ina urefu wa mita tatu. Upande mmoja kuna mlima. Upande wa pili kuna banda la kuku. Baada ya banda kuna hewa, na baada ya hewa kuna paa la jirani. Kuuchimba mlima ni kuukaribisha ndani mvua za masika zikianza, hilo hata shemeji analijua. Kwa hiyo waliochaguliwa ni kuku.

Mama mkwe alikuja kukagua. Nilifarijika sana, nikijua ni mama mwenye kuthamini mayai. Alilitazama tundu, akamtazama mwanawe aliyejaa vumbi la tofali mpaka kwenye nyusi, akasema, "Baba, kuku wa siku hizi mnawadekeza mno." Nikasema, "Ndiyo, mama." Hukumu ya mama mkwe haina rufaa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kitanda. Cha asili kilikuwa cha aluminiamu, chepesi, cha kupangusa kwa kitambaa. Shemeji alinunua mabomba ya mraba ya chuma, akayachomelea mpaka mita nne na robo. Chuma kikipigwa moto upande mmoja hujikunja kikipoa, kwa hiyo kikatoka na mgongo. Akakipiga moto upande wa pili ili kirudi, kikarudi na kupitiliza. Tulileta pimamaji. Povu lilikwenda pembeni likakaa huko. Shemeji aliilaumu pimamaji, kisha akailaumu sakafu ya stoo, kisha kwa sauti ya chini akaulaumu mlima.

Baada ya kunyoosha ndipo hesabu zilipoanza kudai chao. Ruta na kigari chake ni mzigo. Ukirefusha chuma mara mbili bila kukinenepesha, mzigo uleule ukikaa katikati haukibonyezi mara mbili. Unakibonyeza mara nane. Na uzito wa chuma chenyewe unakibonyeza mara kumi na sita. Si maneno yangu, ni mambo ya kawaida kwa wahandisi, na anayebisha akalie benchi refu halafu akalie fupi. Matokeo yake ni kwamba ruta ikianza safari kichwani inakata mfereji wa kina kimoja, ikifika katikati inazama pamoja na kitanda, ikikaribia mkiani inapanda tena. Nguzo ya majaribio ilitoka na kiuno. Shemeji aliizunguka mara kadhaa, akasema wapo wateja wangelipa zaidi kwa kiuno hicho.

Dawa yake inajulikana: si upana, ni kimo. Chuma kikisimamishwa kwa ubavu wake mrefu hubishana vizuri zaidi na mzigo. Kimo kikizidi mara mbili, ukaidi unazidi mara nane, yaani unailipa ile hasara ya urefu kwa sarafu yake yenyewe. Shemeji akachomelea bomba la pili juu ya la kwanza, akatia na mguu wa zege chini ya katikati. Mguu wa zege ndani ya stoo yangu, nasisitiza. Siku mashine ikiondoka, mguu utabaki, nami nitaupiga kidole gumba kila umeme ukikatika mpaka nife.

Ikafuata skrubu. Skrubu ya mita moja na ushei haiwezi kusukuma kigari mita tatu, kwa hiyo akashuka Tanga kuchongesha kipande cha kuungia. Hapa nitaingilia kidogo, maana ndipo nilipocheka, na sikuwa nimecheka tangu mashine iingie. Mashine ni ya Kimarekani. Skrubu yake imechongwa nyuzi nane kwa inchi, maana yake kila uzi unatembea milimita 3.175. Huko karakana walichonga cha milimita tatu kamili, safi, kimeng'aa, kimepakwa grisi, na risiti juu. Viliungwa kichwa kwa kichwa. Kigari kilianza safari kwa madaha, hendeli ikizunguka, mfereji ukijichora vizuri, mpaka nati ilipokanyaga mpaka kati ya Marekani na Tanga. Ikagoma. Si kwamba ilikwama kidogo. Iligoma kama imesoma sheria ya kazi. Na kwa kuwa mti uliendelea kugeuka huku ruta imesimama, nguzo ikapata pete ya kina kirefu iliyoungua ikawa nyeusi, na stoo nzima ikanuka moshi wa saipresi.

Shemeji alikaa juu ya ndoo akanyamaza muda mrefu. Mtu akinyamaza hivyo kwenye mali yako, ogopa.

Alichokuwa akikifikiria ni Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikikata mitarakwa juu kule Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow. Reli ya Tanga ilikuwa imepita chini bondeni, gogo liko juu kwenye ukungu, na katikati ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja ambao punda mwenye akili timamu hawezi kuusogelea. Wakaagiza kwa kampuni ya Bleichert ya Leipzig njia ya waya, kilomita tisa hivi, kutoka juu msituni mpaka stesheni ya Mkumbara, magogo yakaning'inia yakashuka yakipita juu ya makorongo. Babu zake shemeji waliyaona yakipita angani, na ndani ya ukoo huu habari hiyo inasimuliwa kwa namna ambayo mtu angedhani waya ule ulikuwa wao.

"Shemeji," aliniambia, "gogo la mtarakwa lilishushwa kwa waya mpaka Mkumbara. Mimi nitashindwa kuvuta ruta ya kilo nne mpaka kwa kuku?"

Na kusema kweli hakushindwa. Aliitoa skrubu, akaitundika ukutani kwangu bila kuniuliza. Kwenye kichwa cha mashine, palepale mti unapozungukia, akafunga ngoma ya mbao. Waya wa chuma uliosokotwa, wa milimita tatu, akauzungusha kwenye ngoma, ncha moja ikaenda kwenye kigari kwa mbele, nyingine ikazunguka puli kule bandani ikarudi kukishika kwa nyuma. Ukizungusha hendeli, ngoma inameza waya huku na kuutapika kule, na kigari kinakwenda. Mzunguko mmoja wa waya kwenye ngoma uliteleza. Akaweka mitatu, ukashika. Mabaharia wanalijua hili: kamba ikizidishwa mizunguko kwenye nguzo, mtoto anaweza kuzuia jahazi.

Uzuri wa waya ni kwamba urefu wake unanunuliwa kwa mita dukani. Uzuri wa pili, ambao ulinifanya nikune kichwa kwa heshima, ni kwamba gia hazina kazi tena. Ngoma ndiyo gia. Ikiwa na kipenyo cha sentimita 10, kila mzunguko unavuta kigari sentimita 31 hivi. Na hapo likafumbuka tatizo la unene, ambalo hatukuwa tumelifikia. Msokoto unaopendeza kwenye mguu wa meza, ukiuhamishia kwenye nguzo nene kwa hatua ileile, yaani mwendo uleule wa kigari kwa kila mzunguko, unalala. Nguzo inafanana na bolti kubwa. Mti ukinenepa, hatua nayo lazima irefuke kwa kadiri hiyohiyo. Kwa waya, unatengeneza ngoma nyingine tu, na ngoma ikilingana unene na nguzo, msokoto unapanda kwa nyuzi 45. Shemeji alikereza ngoma ya sentimita 25 siku hiyohiyo, kwa kerezo lake la kawaida, akipiga mluzi.

Unene wenyewe ulidai mengine. Kichwa na mkia vilikuwa chini mno, nguzo ikigusa kitanda kabla haijamaliza nusu mzunguko, kwa hiyo vikainuliwa juu ya vigogo vya mkaratusi vilivyofungwa bolti; ruta nayo ikainuliwa kufuata. Halafu uzito. Nguzo ya saipresi ya vipimo hivyo, ikiwa imekauka, inapita kilo 60. Ikishikwa ncha mbili tu inalegea katikati, na ikizungushwa inarukaruka hadi kisu kinachora maandishi yasiyosomeka. Pakatakiwa kishikio cha kati: pete ya chuma yenye beringi tatu zinazoikumbatia nguzo inapogeuka. Beringi zilipatikana. Zilikuwa magurudumu ya kigari cha mwanangu wa mwisho, kile cha kushukia mteremko wa shule. Mtoto alilia, mjomba wake akamwahidi kigari kipya chenye msokoto. Kishikio akakichomelea moja kwa moja kitandani ili kisitikisike, na kishikio hiki mkikumbuke, nitakirudia.

Anayezungusha hendeli ni mimi. Sikuomba kazi. Ilionekana tu kwamba shemeji lazima asimamie ruta, mama watoto ana shamba, watoto wako shule, na mstaafu yupo amekaa. Hendeli haitaki nguvu, inataka mtu asiyesita. Ukisita kidogo tu kisu kinasugua mahali pamoja na mti unaungua, kwa hiyo huruhusiwi kupiga chafya. Mimi, kwenye vumbi la saipresi, kwenye baridi ya Lushoto, nisipige chafya. Nilifanya kazi miaka mingi bila mtu kunipangia chafya zangu. Na upande wa pili wa ukuta, ncha ya nguzo ikigeuka polepole gizani, kuku walikwishagundua kwamba wakitembea kinyume chake wanabaki mahali pamoja. Kuna mtetea mmoja alikuwa akipanda kila asubuhi kwa ajili hiyo. Mfereji wa nguzo ya tatu una sehemu zimeparuzwa ambazo hazikutokana na ruta.

Sijasema habari ya mti wenyewe, na ndipo penye uchungu. Zamani huku mtu angefuata mkulo, mti wa milima hii wenye harufu ya kafuri, nao ulikatwa sana. Uliobaki Magamba uko ndani ya hifadhi, na ni vyema ukae hukohuko. Siku hizi tuna saipresi na misindano ya mashamba ya serikali ya Shume. Kwa kitanda inatosha kabisa. Lakini nguzo nzima ya sentimita 25 ina kiini ndani yake, na mti hausinyai sawasawa: kuzunguka duara husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni. Nje inabana, moyo umekataa kupungua, lazima mahali fulani papasuke. Mafundi wana kanuni yao kwamba ubao unakauka inchi moja ya unene kwa mwaka. Nguzo hii ni karibu inchi kumi. Tajiri alitaka wazee wahamie Desemba.

Shemeji alichagua ufa mwenyewe kabla mti haujamchagulia. Alipasua kwa msumeno mkato mmoja ulionyooka, kutoka juu mpaka chini, wa kufika moyoni, upande utakaotazama ukuta. Mti ukisinyaa unaupanua huo na kuuacha uso wa mbele salama. Ni ujanja wa zamani na ni ujanja mzuri. Ila nilimwuliza swali ambalo mpaka leo hajalijibu: mteja aliyekataa kiungo cha unene wa unywele ndani ya bonde la msokoto, sasa amepewa mpasuko wa mita tatu na sentimita ishirini, na amelipa ziada kwa sababu nguzo ni kitu kizima. Shemeji alisema mteja hajauliza habari za nyuma.

Nguzo zikaisha. Zilipendeza, nisiwe mtu wa kijicho. Tulipotaka kuzitoa tukagundua kwamba zilikuwa zimeingia stoo zikiwa magogo, kwa dirisha lililong'olewa nondo, na nondo zilikwisharudishwa. Mlangoni hazikati kona. Zikatoka kwa njia ya bandani, nalo likavuliwa bati. Zilipakiwa juu ya Noah, mbili mbili, zikitokeza mbele na nyuma, na kijana wa bodaboda akatangulia kwenye kona akipiga honi kuwaonya watu kwamba kuna gari linakuja baada ya nguzo zake. Wazee wa Irente sasa wanakaa jikoni, nyuma, kwenye jua. Baraza wanasema lina baridi.

Juzi shemeji amepata kazi nyingine, kubwa. Nyumba ya wageni inataka stuli 40 za chumba cha chakula. Miguu ya msokoto, sentimita 45 kila mmoja, unene wa kushikika. Kazi ambayo mashine hii, ilivyotoka kwa mzungu, ingeifanya huku imelala. Lakini mkia sasa hauwezi kusogea karibu na kichwa: katikati yao kuna kishikio cha beringi, kimechomelewa. Na vigogo vya mkaratusi vimeinua kila kitu juu, kisu hakifiki kwenye kitu chembamba. Kifupi kuliko mita mbili haikishiki. Amekuja na suluhisho: mashine ya pili, fupi, kutokana na zile aluminiamu za mwanzo na ile skrubu iliyotundikwa ukutani. Itakaa kwenye varanda yangu. Mahali pengine hakuna, amepima.

Safari hii nimeweka masharti, mbele ya dada yake, kwa sauti. Bati la banda lirudishwe kabla ya mvua. Magurudumu ya mtoto yalipwe. Hendeli itafutiwe mtu mwenye umri wa kuzungusha hendeli. Na umeme anunue mwenyewe, kwa sababu nimechoka kula gizani wakati ruta imeshiba. Ameyakubali yote, moja baada ya jingine, bila kubisha hata neno, akanishukuru na kuniita kaka. Kisha akaniomba nimkopeshe elfu ishirini ya LUKU.